Marehemu wa Ngome ya Dornstein

Nilipata habari za kifo changu nikiwa mzima kabisa, nimesimama juu ya kilima, hedifoni masikioni, tiketi mkononi.

Sikuwa naota. Sikuwa nimeonja hata tone la mvinyo.

"Karibu ngome ya Dornstein," sauti ya msichana mmoja iliniambia. "Sauti utakayoisikia katika ziara hii ni ya marehemu Heike Lüders, mke mpendwa wa meneja wetu. Alifariki kwa ugonjwa muda mfupi baada ya kurekodi maelezo haya. Tunamkumbuka kwa upendo."

Ndugu msomaji, Heike Lüders ni mimi.

Nilibonyeza kifaa kirudie. Kikarudia. Nikafariki mara ya pili.

Halafu baada ya ile pole ndefu, ikaingia sauti yangu ya zamani, laini kama siagi iliyoachwa jikoni: "Bonyeza namba moja, kisha inua macho uutazame mnara..."

Nikainua macho. Machozi hayo hapo.

Ngoja nikurudishe nyuma kidogo, maana bila hapo hutaelewa kwa nini nilifanya nilichofanya.

Mimi ni mtu wa Bremen. Kazi yangu ilikuwa sauti. Matangazo ya redio, hadithi za watoto, hata yule mama anayekuambia garimoshi linachelewa, kwa muda fulani alikuwa mimi. Mume wangu Holger alikuwa akiwatania rafiki zake, "Mke wangu akinigombeza, nahisi nasomewa taarifa ya habari."

Tulikuwa tunapendana. Au tuseme mimi nilikuwa napenda.

Holger akapata kazi ya umeneja wa ngome, mbali huko kwenye vilima vya zabibu juu ya mto Mosel. Tukakubaliana atangulie, mimi nimalize kazi zangu nimfuate.

Siku moja akanipigia. "Mke wangu, ngome haina maelezo ya kueleweka. Watalii wanazunguka kama kuku. Nikikutumia maandishi, utanisomea?"

"Kwa mume wangu? Bure kabisa."

Nilirekodi ndani ya kabati la nguo. Ndiyo, kabati. Katikati ya makoti ya baridi hakuna mwangwi. Nilikaa humo kwa wiki nzima, nikieleza habari za visima na mizinga na malkia waliokufa kwa mafua, na kila sentensi nilikuwa namsomea mtu mmoja tu.

Kisha daktari akakuta uvimbe shingoni.

Uvimbe ukatolewa. Lakini kisu kikagusa mshipa wa sauti. Nilipozinduka nikafungua mdomo kuomba maji, haikutoka kitu. Upepo mtupu.

Holger alikuja hospitali mara moja. Akakaa kwenye kiti bila kuvua koti. Nikamwandikia kwenye simu: *Daktari anasema inaweza isirudi.*

Akasoma. Akatazama dirishani.

"Heike, nikuambie ukweli tu. Mimi siwezi kuishi na ukimya huu."

Akainuka. Akanipiga piga begani kama mtu anayemuaga farasi. Akaenda.

Kilichofuata kutoka kwake kilikuwa barua ya mwanasheria.

Sauti ilirudi, lakini ilirudi imechakaa. Ni sauti ya kukwaruza, kama mlango wa ghala uliopigwa mvua. Watoto kwenye basi huwa wanageuka kunitazama. Kazi za redio zikaisha, kiroho safi, hakuna aliyenilaumu na hakuna aliyenipigia tena.

Rekodi zangu za zamani ninazo nyingi. Lakini humo nauza dawa ya meno na bima ya magari. Mahali pekee nilipoongea kwa mapenzi ni Dornstein.

Ndiyo maana nilipanda garimoshi. Sikwenda kwa Holger, na nilijua siku hiyo yupo likizo. Nilitaka nikaisikie sauti yangu mara moja tu, nilie, nirudi nyumbani.

Nikakuta nimeshazikwa.

Sasa turudi kilimani.

Nilitembea na kile kifaa kama mlevi. Namba mbili, namba tatu. Watalii wananipita, wote wananisikiliza, hakuna anayenijua. Mama mmoja alimwambia mumewe, "Maskini, sauti nzuri hivi, na amekufa kijana." Mumewe akatikisa kichwa kwa huzuni huku anatafuna soseji.

Uani, chini ya mti wa jozi, nikakuta benchi jipya. Limebandikwa kibati cha shaba: *Kwa kumbukumbu ya Heike.* Pembeni maua mabichi kwenye chupa.

Jamani, nilikaa.

Akaja mama mmoja mnene, nywele nyeupe, mkononi ana ndoo ya kumwagilia. Ni yule yule aliyenipa kifaa dirishani.

"Samahani, mama," akaniambia. "Wageni huwa tunawaomba wasikae hapo. Ni benchi la marehemu."

"Marehemu ndiye mimi," nikasema.

Akanitazama kwa huruma, jinsi unavyomtazama mtu aliyepotea njia. Labda ile sauti yangu mbovu ilimtisha.

Sikubishana. Nikatoa kitambulisho.

Akakisoma. Akavaa miwani, akakisoma tena. Akatazama picha, akanitazama mimi, akatazama kibati. Ndoo ikamponyoka, maji yakaingia kwenye viatu vyetu wote wawili.

"We mtoto," akasema taratibu. "Mimi Irmgard nimekuwekea maua kila wiki tangu benchi hili lije. Kwa hela yangu! Nimekuombea kanisani! Nilimpikia yule mwanaume keki ya vitunguu mwaka mzima kwa sababu ni mjane!"

"Pole, mama."

"Pole yako ya nini? Wewe kaa. Kaa hapo hapo kwenye benchi lako." Akajitupa pembeni yangu, benchi likalia. "Sasa nisikilize. Jumamosi anaoa."

Kile kidonda changu kikafumuka upya. "Anaoa nani? Talaka yetu bado iko kwa hakimu!"

"Anamwoa Verena, binti wa mzee Alwin, yule mwenye mashamba ya zabibu unayoyaona kule. Binti ana roho nzuri mpaka unamhurumia. Alimpenda Holger kwa sababu ya wewe."

"Kwa sababu yangu mimi?"

"Alikuja ngomeni na wageni wa baba yake. Akasikiliza sauti yako, akasoma benchi, akamkuta Holger amekaa hapa anajifuta macho. Ungemwona! Mwanaume analia, jua linazama. Nani angeponea hapo?"

Nikacheka. Kicheko changu siku hizi kinatoka kama kikohozi.

"Na serikalini wataandikishwaje, huku ana mke?"

"Amewaambia sherehe kwanza, ofisini watakwenda baadaye, karatasi atashughulikia mwenyewe. Wamemwamini. Na hujasikia lile la kuua." Irmgard akasogea karibu. "Wageni wote watapewa vifaa vya kusikiliza. Watapanda kutoka getini wakikusikiliza wewe, namba kwa namba, mpaka kanisa dogo. Kwenye namba tisa, hapo ndoa inafungwa. Holger amesema anataka *marehemu awabariki*."

Ndugu zangu, mimi siyo mtu wa vurugu. Nikitukanwa barabarani huwa napita zangu. Lakini pale niliihisi hasira ikipanda kutoka kwenye zile soksi zilizolowa, ikapita magoti, ikapita tumbo, ikafika palepale shingoni penye kovu, ikatulia.

Aliniacha kwa kukosa sauti. Halafu akaichukua sauti yangu kutongozea mwanamke mwingine.

Nikamgeukia Irmgard. "Rekodi za kwenye hivi vifaa, anaziingiza nani?"

Yule mama akatabasamu polepole. "Kila asubuhi, kabla ya kufungua geti? Mimi."

Jioni ile tuliketi ndani ya gari lake kuukuu, vioo juu, kando ya mashamba ya zabibu. Nikaweka simu mdomoni. Nikarekodi mara moja tu, bila kurudia. Irmgard alikuwa ameshika usukani kana kwamba tunakimbia polisi.

Nilipomaliza alinitazama. "Hiyo itamvua nguo," akasema.

"Akavuliwe mbele za watu," nikajibu.

Jumamosi ilikuja na jua la kutosha.

Irmgard aliniingiza kwa mlango wa jikoni, akanipa kifaa changu. Nikakaa kwenye benchi langu chini ya mti wa jozi. Kutoka pale mlango wa kanisa unaonekana vizuri, ng'ambo ya ua. Nilikuwa nimevaa gauni jeusi. Nilikuwa nafiwa na mtu muhimu, ati.

Wageni wakaanza kupanda. Wanawake wamevaa kofia, wanaume wamenyoa, kila mmoja hedifoni kichwani, kimya kabisa. Umati mzima unatembea taratibu bila neno huku mimi nawaongoza masikioni mwao: *geuka kushoto, angalia ngazi, inamisha kichwa.* Wote wanageuka kushoto. Wote wanainamisha kichwa.

Nikasema moyoni, leo nyote ni wangu.

Mzee Alwin alipita kamshika binti yake mkono. Verena alikuwa mzuri, sitadanganya. Amekonda kidogo, uso umetulia, macho kama ya mtu mwenye jambo.

Na ukweli ni kwamba yeye sikuwa nimemfikiria hata kidogo. Nilikuwa namtaka Holger tu.

Holger mwenyewe alisimama mlangoni mwa kanisa kwa suti ya kijivu, anapokea watu kwa uso wa majonzi na furaha, ule uso wa kufanyia mazoezi kwenye kioo. Hakutazama upande wa benchi. Nadhani alilizoea kama mtu anavyozoea kabati.

Wakaingia wote. Milango ikaachwa wazi kwa sababu ya joto.

Nikamwona Irmgard mbele yao, kavaa brochi kifuani, anainua mkono. "Haya wapendwa, sote kwa pamoja. Namba tisa."

Nami nikabonyeza tisa.

Nikaisikia pamoja nao.

"Hii ni namba tisa," sauti ya kukwaruza ikasema. "Sauti mliyoisikia tangu getini ni ya Heike, mke wa Holger. Sauti hii mnayoisikia sasa ni ya Heike huyo huyo. Ile ni ya kabla ya kisu cha daktari, hii ni ya baada. Sikufa. Nililala hospitali nikashindwa kuongea, mume wangu akaona ukimya unamchosha, akaondoka. Talaka yetu bado iko kwa hakimu, kwa hiyo bwana harusi mliyenaye hapo ni mume wa mtu. Bibi harusi, sina ugomvi na wewe. Mimi nipo nje, kwenye benchi langu la kumbukumbu. Anayetaka kunipa pole ya msiba wangu, karibu."

Kwa vile walikuwa na hedifoni, hakuna aliyesikia mwenzake akishtuka. Nilichoona ni vichwa tu. Kichwa cha kwanza kikageuka kumtazama Holger. Kikafuata cha pili. Halafu safu nzima, kama nyasi zimepitiwa na upepo.

Mtu akaangusha kifaa sakafuni. Paa!

Holger akavua hedifoni kama zimemuunguza. Akatoka mbio mlangoni, akaangaza, akaniona.

Nikampungia mkono.

Uso wake, jamani. Laiti ningekuwa mchoraji.

Wageni wakamiminika uani nyuma yake. Mzee Alwin akafika wa kwanza, uso mwekundu kama mvinyo wake. "Mama, wewe ni nani?"

Kabla sijajibu, Holger akadakia. "Simjui huyu! Ni mgonjwa wa akili, kuna watu wa namna hii wanafuata ngome za watu. Irmgard, ita polisi!"

"Polisi nitawaita," Irmgard akasema, "lakini kwanza baba mzee asome hiki." Akamkabidhi Alwin kitambulisho changu, nilichokuwa nimemwachia asubuhi ile.

Kikapita mkono hadi mkono. Holger akaona hiyo njia imefungwa, akashika nyingine.

"Sawa, sawa! Jamani nisikilizeni. Nilisema amekufa kwa maana... kwangu mimi alikuwa amekufa. Moyoni. Kila mtu ana namna yake ya kuomboleza!"

"Kuomboleza nini, mjinga wewe?" shangazi mmoja wa kofia ya zambarau akafoka. "Mimi nilikukumbatia! Nililia kwenye koti lako!"

"Anapumua huyu!" mwingine akapiga kelele. "Anaonekana anapumua kabisa!"

Nikaegemea benchi langu. Nilikuwa nafaidi. Siombi radhi kwa hilo.

Ndipo Verena akapasua katikati ya watu, gauni kalishika mkononi. Nilijiandaa kutukanwa, maana mwanamke akiharibiwa harusi yake haangalii nani mwenye haki.

Hakunitukana. Akachuchumaa mbele yangu, akawa ananitazama usoni.

"Dada," akasema. "Siku ile hospitali. Alikuambia nini, neno kwa neno?"

"Alisema, siwezi kuishi na ukimya huu."

"Hakurudi tena?"

"Hakurudi."

Akainuka. Akamgeukia Holger. Hakupaza sauti, na ndiyo maana kila mtu alimsikia.

"Holger, nina jambo nililolipanga kukuambia baada ya sherehe, nisikuharibie siku. Daktari amekuta uvimbe kwenye titi langu. Wiki ijayo naanza matibabu."

Mimi mwenyewe niliyekuja na bomu, nikajikuta bomu limelipukia mikononi mwangu.

Mzee Alwin akashika kifua. Alikuwa hajui.

Watu wote tukamtazama Holger. Alikuwa na nafasi, ndugu msomaji. Nakuapia alikuwa nayo. Angepiga goti pale, angemkumbatia, angelia hata machozi ya uongo, mambo yangeweza kugeuka na mimi ningeonekana mchawi niliyekuja kuloga harusi.

Holger akarudi nyuma hatua moja.

Hatua moja tu. Kokoto zikalia chini ya kiatu chake. Nadhani hata mwenyewe hakujua kama amesogea.

Lakini Verena aliona. Baba yake aliona. Wote tuliona.

"Basi," Verena akasema, kwa upole kabisa. "Ahsante. Nimeshajibiwa."

"Verena, mpenzi, umenishtua tu, nipe muda..."

"Kijana," mzee Alwin akamkatiza, "gari lako liko wapi?"

"Liko... limepambwa maua, liko getini."

"Lile ni langu. Nimekuazima. Shuka kwa miguu."

Holger akatazama huku na huku akitafuta uso mmoja wa kumwonea huruma. Shangazi wa zambarau akampa mgongo. Akaanza kuondoka na ile suti ya kijivu, akivuka ua peke yake.

Sasa sikia Mungu anavyolipa. Bendi ya matarumbeta ya kijiji ilikuwa imepangwa nje ya geti, haijui lolote lililotokea ndani. Walikuwa wameambiwa: mkimwona bwana harusi anatoka, pigeni.

Wakamwona anatoka.

Wakapiga! Tuba, matarumbeta, ngoma kubwa, wimbo wa shangwe wa maharusi, kwa nguvu zao zote. Na kwa kuwa ni watu wa heshima, wakamsindikiza mpaka chini kilimani huku wanapiga, yeye anatembea haraka, wao wanaongeza kasi. Kijiji kizima kikajitokeza madirishani kushangilia bwana harusi asiye na bibi harusi.

Irmgard alicheka mpaka akashika mti.

Yaliyofuata nitayasema kwa ufupi. Chama kinachomiliki ngome kilimfukuza kazi Jumatatu. Kibati cha benchi Irmgard alikifungua mwenyewe kwa bisibisi. Hakimu alimaliza talaka yetu kabla ya Krismasi.

Holger alinitumia ujumbe mmoja tu: *Umeniharibia maisha.*

Nikamjibu: *Pole kwa msiba.*

Watu huniuliza kama nimemsamehe. Hapana. Na usingizi napata.

Kuhusu Verena, alinipigia siku chache baada ya ile Jumamosi, akiwa na woga ambao naujua. "Dada Heike, samahani kukusumbua. Baba analia tu, hanisaidii. Wewe ulikaaje siku ile ya kwanza, kabla hawajakuingiza chumba cha upasuaji?"

Nilipanda garimoshi nikaenda kukaa naye. Uvimbe uliwahiwa. Leo anachuma zabibu na baba yake, na anatukana vizuri kuliko zamani.

Nami nimebaki na neno moja kwako wewe unayesoma hapo na mchumba wako pembeni.

Siku ya sherehe kila mtu ni mzuri. Kulia kwenye benchi anaweza kila mtu. Maneno matamu yanapatikana bure, mimi mwenyewe nimeyauza miaka mingi.

Ukitaka kumjua mtu, mpe habari mbaya. Halafu usimtazame usoni, maana uso unafundishika.

Tazama miguu.